Ada Ilifutwa, Januari Ikabaki

Mkulima wa Ndalambo hupanda mahindi mvua za kwanza zinapotulia, mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba. Januari ni mwezi wa palizi. Chakula cha mavuno yaliyopita kimeanza kupungua ndani, mahindi mapya hayajatoa hata mbelewele, na bei ya debe sokoni inapanda. Januari hiyohiyo ndiyo shule zinafunguliwa nchi nzima: mtoto wa darasa la kwanza anahitaji sare na daftari, aliyechaguliwa kidato cha kwanza anahitaji sare nyingine, viatu, na mara nyingi godoro, ndoo na chumba cha kupanga karibu na sekondari. Mwezi ambao kaya ina fedha kidogo na kazi nyingi kuliko yote ndio mwezi inaodaiwa zaidi. Hoja ya makala haya ni kwamba elimu ya mtoto katika kata kama Ndalambo huamuliwa zaidi na mgongano huu wa kalenda mbili, ya shamba na ya shule, kuliko na uelewa wa mzazi au bidii ya mtoto. Anayetaka kumtetea mtoto asome hana budi kuanza na kaya inayomlisha, na hasa na miezi ile mitatu au minne ambayo kaya hiyo huyumba.

Ndalambo iko Wilaya ya Momba, wilaya iliyomegwa kutoka Mbozi mwaka 2012, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ni nchi ya Wanyamwanga, watu wa mahindi, maharage, karanga na ufuta, upande wa barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga, na mpaka wa Zambia hauko mbali. Ukisikia Nyanda za Juu Kusini zikiitwa ghala la taifa, hapa ni sehemu ya ghala hilo. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua mahindi mkoani humu na kuyapeleka kwenye mikoa yenye upungufu. Lakini utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 uliwakuta watoto wa Songwe walio chini ya miaka mitano wakiwa na udumavu kwa takribani asilimia 43, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 32 hivi. Na utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 uliuweka mkoa huu juu ya mikoa yote ya Tanzania kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba, mara mbili ya wastani wa taifa wa asilimia 22. Mkoa unaolisha wengine una watoto waliodumaa na wasichana wanaozaa kabla ya wakati. Takwimu hizi mbili zimezoeleka kujadiliwa kwenye vikao tofauti, moja kwa maofisa lishe na nyingine kwa maofisa ustawi wa jamii, nami naona ni tatizo moja lenye mzizi mmoja.

Kabla ya kwenda kwenye mzizi huo, ni haki kusema serikali imefanya nini. Ada ya shule za msingi ilifutwa kwa mara ya pili mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya ile elimu kwa wote iliyosukumwa na Azimio la Musoma la 1974 kuzama katika michango ya miaka ya 1980 na 1990. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ukaifuta na ada ya sekondari hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 kidato cha tano na sita vikafuata. Madarasa yamejengwa kwa wingi ambao haujawahi kuonekana. Fedha za UVIKO-19 peke yake, zile shilingi trilioni 1.3 za mwaka 2021, zilipangwa kujenga madarasa 15,000. Haya si mambo madogo. Lakini tuitazame ada yenyewe iliyofutwa. Sekondari ya kutwa ya serikali ilitoza shilingi 20,000 kwa mwaka. Seti moja ya sare na viatu inazidi hapo. Waraka Namba 3 wa 2016, uliotolewa kufafanua ule wa kwanza, ukaeleza bayana kwamba sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vinabaki kuwa mzigo wa mzazi. Kwa hiyo kilichoondolewa kilikuwa kipande chembamba cha gharama, ingawa ndicho kilichokuwa na risiti. Vipande vinene havina risiti, na kikubwa kuliko vyote ni muda wa mtoto mwenyewe.

Muda huo una thamani shambani, na mzazi anaijua. Mtoto wa miaka kumi na mbili anapalilia, analea mdogo wake ili mama apalilie, anafukuza ndege kwenye mpunga wa bonde la Msangano na Kamsamba, anachunga. Utafiti wa taifa wa ajira za watoto wa mwaka 2014 ulihesabu watoto milioni 4.2 wa miaka 5 hadi 17 waliokuwa katika ajira zisizofaa, karibu asilimia 29 ya watoto wote wa umri huo, na wengi mno walikuwa kwenye kilimo. Swali la maana zaidi, hata hivyo, ni lini mtoto anafanya kazi hizo. Wachumi waliofuatilia kaya za Kagera mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakizirudia zilezile kwa vipindi, waligundua kwamba zao linapoharibika, saa za kazi za watoto huongezeka. Na kwamba kaya yenye mali ya kushikilia haiwaongezei watoto kazi kiasi hicho. Wazazi ni walewale, wenye maoni yaleyale kuhusu shule. Kilichotofautiana ni kama kaya ilikuwa na kitu cha kushika ilipoteleza. Kagera si Momba, na migomba ina kalenda yake, lakini ukweli huu hauna sababu ya kuishia mwambao wa Ziwa Victoria. Kwa mkulima wa mahindi anayetegemea msimu mmoja wa mvua, kuyumba kunakuja hata bila zao kuharibika. Kumepangwa kwenye kalenda, kila Januari hadi Machi.

Hapa ndipo wengi watakapopinga, na pingamizi lao ni lile linalosikika kwenye karibu kila kikao cha maendeleo ya kata: wazazi hawana mwamko. Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha kwanza wasiporipoti, mgambo na mtendaji wanapita nyumba kwa nyumba, wazazi wanaitwa ofisini, wengine wanatishiwa kufungwa. Sikatai kwamba wapo wasiojali. Ila nadharia ya mwamko ina kasoro ambayo historia yetu yenyewe imeianika. Ada ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tena mwaka 2016, uandikishaji ulifurika hadi madawati yakakosekana. Ukosefu wa mwamko usingeponyeshwa na waraka wa wizara ndani ya mwezi mmoja. Mzazi aliyemficha mtoto jana akamleta leo gharama iliposhuka alikuwa anapiga hesabu tu, na hesabu hiyo ndiyo inayopaswa kubadilishwa. Faida ya nadharia ya mwamko, nadhani, ni kwamba ni rahisi kwa anayeitoa: haidai bajeti, inadai hotuba tu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linasemwa na watu wa huko wenyewe, hasa wanawake. Wanasema fedha zipo, ila zinaliwa. Julai na Agosti mahindi na ufuta vikiuzwa, vilabu vya pombe vinajaa, pikipiki zinanunuliwa, mke mwingine anaolewa, na Januari ikifika baba yuleyule anasema hana. Yapo haya, na mtetezi wa watoto asiyetaka kuyataja hatasikilizwa kijijini. Lakini tazama jinsi fedha yenyewe inavyoingia. Inaingia mara moja kwa mwaka, yote kwa pamoja, mikononi mwa mtu mmoja, katika miezi ambayo bei ni ya chini kwa sababu kila mtu anauza. Wanunuzi wanafuata mahindi hadi uani na kuyapima kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi. Wakati huo shule haidai kitu. Madai yake yamebaki miezi sita mbele. Fedha isiyo na pa kwenda hupata pa kwenda. Januari inapobisha hodi, kaya hiyohiyo inanunua debe kwa bei ya juu kuliko iliyouzia, au inachukua mkopo wa riba kubwa uitwao kausha damu, au mama na watoto wanakwenda kulima vibarua kwenye mashamba ya wenye nacho huku palizi yao wenyewe ikichelewa, na palizi iliyochelewa inapunguza mavuno yajayo. Kumhubiria baba kuhusu pombe mwezi Januari ni kuchelewa kwa miezi sita. Halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa baadaye. Ingetolewa Aprili au Mei, kabla ya mavuno, vikundi vya akina mama vingeweza kuweka mahindi yao stoo na kuyauza bei ikipanda. Wakati wa kutoa fedha una uzito sawa na kiasi chake.

Sasa turudi kwenye ile asilimia 45, kwa sababu hapa ndipo hoja inapopimwa. Maelezo yanayopendwa ni ya kimaadili: tamaa, simu, mila, malezi mabovu. Mengine ni ya kisheria, na hayo yana nguvu. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilisema vifungu hivyo vinakinzana na Katiba, nalo Bunge likachukua muda mrefu kuliko ule mwaka mmoja uliotolewa. Upande mwingine, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Adhabu kubwa namna hiyo ina matokeo yake ya pembeni: familia mbili zinapokaa usiku kumaliza jambo kwa ng'ombe, hofu ya miaka 30 ndiyo inayomnyamazisha kila mmoja, na msichana anatoweka shuleni bila kesi. Sheria inahitajika, lakini inafika mambo yakiwa yameshaharibika.

Kinachotangulia mimba kwa msichana wa sekondari mara nyingi ni geto. Sekondari za kata, zilizoanza kujengwa kwa wingi baada ya 2004, zilisogeza shule karibu, lakini kata za Momba ni kubwa na vijiji vimetawanyika. Anayetoka mbali anapangishiwa chumba karibu na shule, peke yake au na wenzake wawili. Ana miaka kumi na minne. Chakula chake ni unga na maharage aliyobeba kutoka nyumbani. Kama nyumbani ghala limejaa, unga unatosha. Kama ni Februari, hautoshi, na anayemlipia chipsi, vocha au kodi ya chumba hahitaji maneno mengi ya ushawishi. Mwenye njaa hana miiko, nasi tumemweka mtoto mahali ambapo njaa ina mteja. Ukiongeza Tunduma, mji uliokuwa na watu wasiofika laki moja kwenye sensa ya 2012 na zaidi ya laki mbili kwenye ile ya 2022, wenye foleni za malori ya Zambia na Kongo na fedha inayotembea usiku kucha, unaelewa kwa nini tamaa ni jina jepesi mno kwa jambo hili.

Ushahidi wa majirani unaunga mkono upande huu. Magharibi mwa Kenya, katika jaribio lililoanza mwaka 2003 kwenye shule 328 za msingi, wanafunzi wa baadhi ya shule walipewa sare bure, basi. Ndani ya miaka mitatu wasichana walioacha shule walipungua, na waliopata mimba walishuka kutoka takribani 16 hadi 13 kwa kila mia. Sare si somo la maadili. Ni gharama iliyoondolewa. Malawi, wilayani Zomba, kati ya 2008 na 2009, kaya za wasichana zilipewa fedha kidogo kila mwezi, nyingine kwa sharti la kuhudhuria shule na nyingine bila sharti lolote. Kwa masomo, sharti lilisaidia zaidi. Kwa mimba na ndoa za mapema, waliopewa bila sharti walifanya vizuri kuliko wenye sharti, na tofauti ilitokana na wasichana waliokuwa wameshaacha shule: wenye sharti walinyang'anywa fedha siku walipoacha, wakati wenzao waliendelea kuwa na cha kushika. Mpango wetu wa kunusuru kaya maskini, unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), unadai mahudhurio ya asilimia 80. Nakubaliana na sharti hilo kwa mtoto aliye shuleni. Lakini kwa msichana wa miaka kumi na sita aliyeshaanguka nje, kukata ruzuku ndiyo kumsukuma kwenye ndoa. Tangu Novemba 2021, serikali iliporuhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, mlango umekuwa wazi. Ruzuku inayokatika inamwacha msichana bila nauli ya kuufikia.

Watakaosema kwamba fedha za bure zinazalisha uvivu wana haki ya kujibiwa kwa ushahidi wa hapahapa. TASAF ilianza majaribio ya ruzuku hizi kwenye vijiji 80 vya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha kuanzia 2010, nusu vikipata na nusu vikisubiri, na matokeo yakapimwa. Kaya zilizopata zilinunua kuku na mbuzi, zilijiunga zaidi na mfuko wa afya ya jamii, watoto wao wadogo waliugua mara chache zaidi, na watoto zaidi walivaa viatu. Sijui ni mvivu gani huyo anayenunua mbuzi kwa fedha ya serikali. Lenye mantiki kuulizwa ni kama ruzuku inafika kwa wakati. Mpango unasema kila baada ya miezi miwili; kwa kaya ya Ndalambo, malipo ya Desemba yanayofika Machi yamekosa mwezi uleule yaliyokusudiwa, hata kama hesabu za vitabuni zimekamilika.

Halafu kuna chakula cha shuleni, ambacho kwa maoni yangu ndicho kipimo rahisi kuliko vyote cha kama tunasema kweli. Mtoto aliyeondoka nyumbani alfajiri bila kitu, akatembea kilomita kadhaa, akakaa hadi saa nane au tisa, hafundishiki. Kila mtu anakubali. Ugomvi ni nani alipe. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango, akiwa na sababu nzuri: watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa kukosa mchango wa mlinzi au wa mtihani. Lakini agizo hilo lilipofika chini, walimu wakuu wengi wakaogopa kupokea hata mahindi ya uji, na sufuria zikalala. Mwongozo wa taifa wa chakula shuleni uliokuja baadaye umefungua njia: mzazi achangie kwa hiari kupitia kamati ya shule, na mtoto wa asiye nacho asiadhibiwe. Hiari hiyo, hata hivyo, ina msimu. Ukiitisha mkutano wa wazazi Januari kuomba debe la mahindi, unawaomba watu wanaonunua debe. Ukiuitisha Julai, kila uani kuna mahindi yanaanikwa. Debe moja kwa mtoto, maharage kiasi, karanga kwa wanaozilima, vikahifadhiwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi wasiingie: mkoa unaouza mahindi nje ya mipaka yake hauwezi kudai hauna makande ya kuwapa watoto wake. Karanga nazitaja kwa makusudi. Udumavu wa Songwe hautokani na kukosa ugali. Unatokana kwa sehemu kubwa na ugali mtupu, na mama anayeshinda shambani Januari na Februari akiwa na mimba au na mtoto mgongoni. Uji wa shule hauwezi kurudisha urefu uliopotea kabla ya miaka miwili. Kliniki na chakula cha mama mjamzito vinakuja kwanza, na ndiyo maana nasema ofisa lishe na ofisa elimu wanashughulikia jambo moja.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la ubora. Anayelitoa anauliza: kwa nini tuhangaike kumbakiza mtoto kwenye darasa lisilofundisha? Tathmini ya usomaji ya mpango wa Uwezo ya mwaka 2011 ilionesha kwamba ni watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kwa mtoto wa Ndalambo anayeingia darasa la kwanza akiwa na Kinyamwanga, Kiswahili ni lugha ya kujifunza kwanza, na miaka saba baadaye anabadilishiwa tena aende Kiingereza. Mzazi anayeona mtoto amemaliza darasa la saba na hawezi kusoma barua ana sababu ya kupunguza imani. Tena kuna utafiti uliofanyika kwenye shule 350 za wilaya kumi za Tanzania mwaka 2013 na 2014, ambao mara nyingi hutajwa kuonesha kwamba fedha hazisaidii: shule zilizopelekewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi moja kwa moja hazikupandisha alama za watoto. Lakini wanaoutaja hawamalizii. Ruzuku ilipounganishwa na motisha kwa mwalimu kulingana na watoto wangapi wameelewa, alama zilipanda waziwazi. Na sababu mojawapo ya ruzuku peke yake kutofua dafu ni kwamba wazazi walipoona shule ina fedha, walipunguza matumizi yao wenyewe kwa elimu. Walikuwa wanabana, na nafuu ilipotokea waliihamishia kwenye pengo jingine la kaya. Hilo linatuambia kwamba shule na kaya zinachota kwenye mfuko mmoja, na huwezi kupanga bajeti ya moja ukiwa umefumba macho kuhusu nyingine. Nakiri sehemu hii: hoja yangu haimfundishi mtoto kusoma. Mwalimu ndiye anayemfundisha, na mwalimu aliyepangwa Momba bila nyumba ataomba uhamisho. Ila mtoto asiyekuwepo Februari hafundishwi na mwalimu yeyote, awe hodari vipi.

Wapo pia wanaosema kazi ni malezi, na kwamba mtoto asiyeshika jembe anaharibika. Hawa wana mtu mkubwa wa kuegemea: Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka kila shule iwe na shamba na kila mwanafunzi alime. Sina ugomvi nao. Kupalilia Jumamosi na mama kunamfundisha mtoto mengi. Lakini Nyerere alizungumzia kazi iliyo ndani ya ratiba ya masomo, na tunachokizungumzia hapa ni kazi inayoifuta ratiba. Vilevile kwa Tunduma. Kijana wa miaka kumi na tano anayevusha mizigo kwa baiskeli au kuuza maji kwenye foleni ya malori anajifunza biashara, ndiyo, na anarudi kijijini na viatu ambavyo mwalimu wake hana. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa 2019, kimeleta kazi za mawakala, madereva, makarani na mafundi, na karibu zote zinamtaka mtu anayesoma fomu, anayehesabu, anayezungumza Kiingereza cha upande wa pili. Mpaka unamlipa mtoto wa Ndalambo haraka kwa mgongo wake, na unamlipa mwingine kutoka mbali vizuri zaidi kwa cheti chake. Kupanua vyuo vya ufundi na kozi za biashara ya mpakani kungemfanya mzazi aone mwisho wa safari ya shule ukiwa kilomita chache kutoka kwake, na hilo lingepunguza haraka ya kumtoa.

Je, basi kalenda ya shule ihamishwe? Wapo waliowahi kulipendekeza, na si wazo la kichaa; kidato cha tano chenyewe huanza Julai, na mbingu hazijaanguka. Lakini nchi hii ina maeneo yenye mvua za vuli na masika na maeneo yenye msimu mmoja, na kalenda itakayomfaa Mnyamwanga itambana Mhaya wa Kagera. Kuhamisha madai ni rahisi kuliko kuhamisha kalenda. Shule ya sekondari inaweza kutoa orodha ya mahitaji ya kidato cha kwanza Julai badala ya Desemba, kwa watoto wote wa darasa la mwisho bila kusubiri matokeo, na kumruhusu mzazi aweke kidogokidogo, hata kwa mahindi, kupitia chama cha msingi anachouzia. Halmashauri inaweza kupanga ujenzi wa mabweni kwa kufuata idadi ya mageto badala ya kufuata ahadi za wakati wa kampeni.

Haya hayana muda mrefu wa kusubiri. Sera ya elimu, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Kwa mabadiliko hayo, watoto walioanza darasa la tatu Januari 2024 kwa mtaala mpya watamaliza msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao kaka na dada zao wa mtaala wa zamani watamaliza darasa la saba. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028. Kwa kaya yenye watoto wawili waliofuatana, hiyo ni sare mbili, magodoro mawili na mikono miwili iliyopungua shambani kwenye mwezi mmoja wa palizi. Kwa sekondari ya kata ni madarasa na mageto mara mbili. Mavuno yatakayolipia Januari hiyo yatauzwa Julai na Agosti 2027, na kamati za shule, vyama vya msingi na ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri ya Momba huko Chitete vitakuwa vimeshaamua, kwa kutenda au kwa kukaa kimya, ni magunia mangapi ya mahindi hayo yatabaki kwa ajili yake.